Dada Yangu Hakuwa Ua

Ninaandika polepole. Niliishia darasa la sita la msingi, na hata wakati ule mwalimu alikuwa anafuta ubao kabla sijamaliza kunakili. Barua ya nusu ukurasa inanichukua asubuhi nzima. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue kwamba haya nayo yamechukua muda, na kwamba hasira iliyomo haikupungua njiani. Watu wanasema hasira hupoa ukiiandika. Yangu haikupoa.

Dada yangu alikufa kwa homa ya siku nne, mvua zilipoanza. Alinizidi miaka sita. Tulikuwa na kazi moja: asubuhi tunapokea ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa wavuvi, tunazianika kwenye mchanga wa ufukweni upande wa Mulongwe, tunazigeuza, tunafukuza kunguru, halafu tunazipeleka sokoni. Yeye alikuwa anasema, mimi nageuza. Mteja akija, hata akiniuliza mimi, dada ndiye aliyejibu. Tangu utotoni nikiwa mbele ya watu mdomo hunikauka kama mtu aliyelamba majivu, na dada alilijua hilo, akawa mdomo wangu. Sikuona ubaya wowote. Niliona dunia imepangwa vizuri.

Siku ya maziko, watoto wa nyumba waliitwa mmoja mmoja waseme neno juu ya marehemu. Ndivyo tunavyofanya. Kaka yangu akasema. Binamu zangu wakasema, hata yule ambaye hakuwa amemsalimia dada kwa mwaka mzima. Nilipoitwa nilisimama, nikaangalia viatu vya watu, nikakaa tena. Hakuna aliyenilaumu. Lakini tulipokuwa tunakunja mikeka, mama aliniambia:

"Siku ya kumaliza kilio utasema. Mulikuwa munakula sahani moja. Kama weye haumusemee, nani atamusemea?"

Kumaliza kilio kwetu huja baada ya miezi, familia ikishajipanga na ndugu wa mbali wakishapata njia. Nilikuwa na muda. Nikaamua kuandika, kwa sababu mtu anaweza kusoma kilichoandikwa hata mdomo ukiwa mkavu.

Kwenye ukuta wa shule moja kule Kilibula palibandikwa karatasi: ateliye ya mashairi, yaani kikundi cha kuyatengeneza pamoja, kila Jumamosi saa nane, watu wote wanakaribishwa. Nilisoma mara tatu pale palipoandikwa "watu wote". Jumamosi iliyofuata nilienda, nikakaa karibu na mlango.

Ateliye iliongozwa na mwalimu wa sekondari, mtu wa suruali iliyonyooshwa na sauti ya upole. Tulikuwa kama kumi na wawili, wengi wao wanafunzi wa chuo. Alikuwepo pia maestro wa korali ya parokia yetu, yaani yule anayewaongoza waimbaji, ambaye nilimjua kwa mgongo kwa sababu kanisani ndio upande anaotuonyesha. Alikuwepo mama mmoja anayefundisha watoto katekisimu. Alikuwepo msichana mmoja wa chuo mwenye miwani, ambaye alikuwa anang'ata kifuniko cha kalamu ya biki.

Namna yao ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Mashine ya fotokopi haikuwepo, na umeme wetu unaujua. Kwa hiyo mwenye shairi aliliandika lote ubaoni kwa chaki, kisha akakaa kwenye benchi la mbele. Hapo hakuruhusiwa kusema. Mtu yeyote mwenye wazo alisimama, akachukua kitambaa, akafuta neno au mstari usiompendeza, akaandika mahali pake ulio bora. Wakimaliza, wote walinakili kilichobaki ubaoni. Mwenye shairi alisema neno moja tu, aksanti.

"Mwenye shairi ni kama mufu," mwalimu alisema, na watu walicheka kama watu waliokwisha kuusikia utani huo mara nyingi. "Anasikia yote, hajibu."

Baadaye nilikuja kujua utaratibu huo ulitoka wapi. Mwalimu aliimba katika korali ujanani, na katika korali zetu wimbo unaoletwa na mmoja hurekebishwa na wote. Huyu anaondoa neno, yule anaongeza kiitikio, na wimbo ukishapita kwa wote unaitwa wa korali. Hakuna anayeuliza ulianzia kwa nani. Kwa nyimbo za kumsifu Mungu sina neno, kwa sababu Mungu ni wa wote. Mwalimu alichukua utaratibu ule akauleta kwenye mashairi ya watu, na hakuna hata mmoja kati ya wale wasomi aliyejiuliza kama ni kitu kimoja.

Jumamosi ya tatu ilikuwa zamu yangu. Nilichukua muda mrefu ubaoni hadi watu wakaanza kuzungumza mambo yao, na kijana mmoja akatoka kununua karanga akarudi nikiwa bado kwenye mstari wa tano. Shairi lenyewe lilikuwa fupi. Lilikuwa hivi, au karibu na hivi:

*Dada, beseni lako lina kiraka,*
*uliyeyusha ndala ya zamani ukakibandika mwenyewe,*
*na bado linavuja.*
*Mteja alitia mkono kwenye fungu, ukamwita mwizi wa mchana.*
*Akanunua akitetemeka, kesho yake akarudi.*
*Kunguru walikuogopa kuliko bunduki.*
*Kila usiku ulinivuta shuka,*
*asubuhi ukasema mimi ndiye niliyeanza kuvuta.*
*Sasa shuka ni langu lote. Silitaki.*

Nilikaa kwenye benchi. Mgongo wangu ulikuwa kwa watu, kwa hiyo nilisikia sauti tu, kisha nikaona mikono.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa kijana wa karanga. "Kiraka, beseni, ndala," alisema. "Haya ni mambo ya jikoni. Shairi linataka picha." Akafuta mistari mitatu kwa pigo moja, akaandika: *Dada, ua letu zuri limenyauka.* Nyuma yangu watu walisema "Aaa!" kama watu waliomwagiwa maji baridi wakati wa joto.

Mama wa katekisimu alisimama. "Marehemu hatukanwi. Mwizi wa mchana? Hapana, mwanangu. Mu kilio?" Akafuta. Akaandika: *Ulipendwa na wakubwa na wadogo.*

Maestro alisimama akiupiga mstari wa kunguru kwa kidole, akiuhesabu. "Huyu mustari hauimbike. Na bunduki, hapana, bantu bamechoka na bunduki." Akaandika: *Taa ya nyumba yetu imezimika.* Akaimba kidogo kwa mdomo uliofungwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Shuka liliwachekesha. "Mambo ya kitanda mbele ya bantu!" mtu alisema. Sikujua ni nani, kwa sababu sikugeuka. Mistari mitatu ya mwisho ikaondoka, mahali pake pakaja: *Pumzika kwa amani, tutaonana ng'ambo.*

Kabla ya hao, mara tu baada ya kijana wa karanga, mwalimu mwenyewe alikuwa ameondoa neno "sana", ambalo lilikuwa katika mistari miwili na ambalo sikulirudisha hapo juu. Alisema, "Neno sana ni kama muntu anayepiga kelele ju hana la kusema." Katika hilo alikuwa na haki. Sikuandika "sana" tena tangu siku ile, na inaniudhi kwamba ni yeye aliyenifundisha.

Msichana wa miwani ndiye peke yake aliyeuliza swali. "Kile kiraka kilikuwa cha rangi gani?"

Nilifungua mdomo. Mwalimu akasema, "Mufu hajibu," wakacheka, na kiraka kilikuwa kimekwisha kufutwa hata hivyo.

Nilisema aksanti. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo kuliko yote waliyofanya wao. Nilisimama mbele ya ubao ambao dada yangu alikuwa amefutwa kwa kitambaa, nikasema aksanti, nikanakili shairi langu kama mtu anayenakili la mwingine. Nilikuwa wa mwisho kumaliza. Na kibaya zaidi, niliwaamini. Wale walikuwa watu wa chuo. Nilijiambia kwamba sasa shairi limekuwa shairi. Ule ukurasa wangu wa kwanza nilimfungia mteja ndagala.

Wiki chache baadaye alikufa mzee mmoja mwenye duka la misumari na mabati, barabara ya juu. Tulienda kilioni kama majirani wanavyoenda. Nilipewa kazi ya kumenya mihogo nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wengine, kazi inayonifaa kwa sababu haina maneno. Huyo mzee nilimjua. Kila mchanga ulipojaa watu tukaanika ndagala karibu na ukuta wa duka lake, alikuwa anatoka na ndoo ya maji machafu na kutumwagia samaki wetu. Alisema zinamnukia vibaya. Siku moja dada alimwita jina ambalo sitaliandika, na tangu siku hiyo alikuwa anamwaga maji akiwa ndani, kupitia dirishani.

Korali ilikuwa imekuja. Nikasikia maestro anatoa sauti ya kwanza, halafu wote:

*Baba, ua letu zuri limenyauka. Ulipendwa na wakubwa na wadogo.*

Kisu kilisimama mkononi. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu alijipangusa jicho kwa mkono wenye utomvu wa muhogo. "Wimbo muzuri, eh? Iko mupya."

Nilitaka kusema ni wa dada yangu. Mdomo ulikauka. Nilimenya muhogo ule hadi ukabaki kama kidole.

Baada ya hapo wimbo ulikuwa kila mahali. Waliuimba kwa bibi wa miaka tisini. Waliuimba kwa mtoto wa miaka miwili, na hapo walisema "mtoto" mahali pa "baba", na "wakubwa na wadogo" ikabaki vile vile. Mtu aliurekodi kwenye simu, ukasafiri kwa Wasapu hadi Kamanyola, na shangazi yetu wa kule akaturudishia na maneno haya: "Sikilizeni korali yenu, mpaka nimelia!" Mama aliusikiliza kwenye simu ya kaka yangu, akasema tu, "Ni ule wimbo ya kilio ya mzee wa misumari." Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nimepewa kazi moja, nikaipeleka ikafanywe mali ya wote?

Jumamosi nilirudi ateliye. Nilikuwa nimejiandalia sentensi njiani, nikiirudia kwa kila hatua. Nilimkuta maestro mlangoni.

"Maestro, ile wimbo..."

"Eh, mudogo! Umesikia? Bantu banalia mpaka basi!"

"Ilikuwa ya dada yangu."

"Na iko ya dada yako! Nani amekataa? Iko ya dada yako, iko ya bantu bote. Siku yake tutakuja kumuimbia, hata bila kuitwa. Umeona?"

"Minye sikuwapa."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, nadhani. Kwake nilikuwa kama mtu anayedai moshi wa jiko lake urudi. Mwalimu alikuwa amesikia. Alikuja na ule upole wake.

"Lakini ulisema aksanti, sivyo?" Aliweka mkono begani mwangu. "Usikasirike. Sikiliza, nikufundishe kitu. Shairi kubwa ni lile linalomfaa kila mufu. Lile lako la kwanza lilimfaa muntu mumoja tu."

Wengine walikubali kwa vichwa. Kijana wa karanga aliliandika neno hilo kwenye daftari lake.

Niliondoka bila kukaa. Nilishuka hadi barabara kubwa nikiwa na hasira ya aina ambayo sikuijua, hasira yenye miguu. Nilipita watu bila kuwasalimia, mimi ambaye husalimia hata mbuzi. Nilikuwa narudia maneno ya mwalimu ili niyachukie vizuri: lilimfaa mtu mmoja tu, lilimfaa mtu mmoja tu. Nilipofika kwenye daraja niligundua kwamba hayo ndiyo niliyokuwa nayataka. Nilitaka shairi ambalo mzee wa misumari asingeweza kuingia ndani yake hata akisukumwa na korali nzima.

Kumaliza kilio cha dada kulikuwa kumebaki wiki tano. Kwa mtu mwingine ni muda mwingi. Kwangu ni mistari kama ishirini.

Nilianza kuandika kule kule kwenye mchanga, nikiwa na daftari chini ya mawe mawili ili upepo usifungue kurasa. Wanawake waliokuwa wanaanika pamoja nami waliona. Mmoja wao alikuwa rafiki mkubwa wa dada, mwanamke wa sauti kubwa, mtoto mgongoni siku zote. Aliniambia, "Soma tusikie." Nikasema hapana. Akasema, "Kama hausome, nitasoma mwenyewe, na weye unajua minye sijui kusoma, nitasoma uongo." Nikasoma, kichwa chini, mikono ikigeuza ndagala.

"'Ukamwita mwizi wa mchana,'" nilisoma.

"Nani? Dada yako? Hapana. Hakusema vile. Alisema, 'Weye, ule mukono yako iko na macho? Basi itazame, isiguse.'"

Wenzake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Walikuwa wanasikia sauti yenyewe. Nami niliisikia. Nilikuwa nimesahau, kwa miezi michache tu nilikuwa nimesahau maneno ya dada yangu na kuweka yangu mahali pake, nikajidai ninamsemea. Nilifuta mstari wangu mwenyewe. Nilimkasirikia yule mwanamke kwa kuwa na haki, kisha nikaandika kama alivyosema.

Usidhani walikuwa malaika. Walikuwa wakali kuliko watu wa chuo. "Hapo umekuwa murefu, nimelala," alisema mmoja. Mwingine alitaka awemo: "Na minye? Sikuwa pale siku ya bata? Uniweke." Nilikataa, kwa sababu siku bata wa jirani alipokula ndagala zetu yeye hakuwepo, alikuwa Kamanyola, na alinikasirikia siku mbili akawa anaanika mbali nasi. Walibishana kama bata yule alikuwa mweupe au wa madoa. Walinilazimisha niondoe jambo moja la dada na mwanamume fulani, wakasema mke wake atakuwepo. Lakini hakuna hata mmoja aliyegusa kalamu yangu. Walisema, mimi nikaandika au sikuandika.

Siku moja msichana wa miwani alikuja kununua ndagala. Sikujua kama anafahamu kwamba tunauza hapo. Alisimama muda mrefu bila kuchagua, kisha akauliza tena, kana kwamba Jumamosi ile haikuwa imekwisha:

"Kiraka kilikuwa cha rangi gani?"

"Kijani. Beseni lilikuwa jekundu."

"Andika hivyo."

Nilimpa daftari. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu aliuliza mara mbili. Alisoma amesimama, kisha akaweka kidole kwenye mstari wangu nilioupenda kuliko yote, ambao ulisema moyo wangu ni nyumba isiyo na paa tangu uende. "Huu mustari unalia mbele yetu," alisema. "Sisi hatujalia bado, wenyewe umekwisha kulia." Akalipia ndagala zake akaenda.

Nilimchukia siku tatu nzima. Siku ya nne niliusoma mstari ule kwa sauti, nikaona ni ndugu wa ua lililonyauka. Wasomi hawakuniwekea huo, niliutoa kwangu mwenyewe. Nikaukata. Ni mstari mzuri tu, na hauna dada yangu ndani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tulisimamisha hema uani, tukapika bugali na sombe ya majani ya muhogo na samaki, na kaka akawaambia wageni mapema kwamba kila kitu kiishe jua likiwa juu, kwa sababu siku hizi mtu anapenda kuwa kwake kabla giza halijaingia. Watu walikuja wengi. Wanawake wa ndagala walikuja wamevaa vitenge vyao vya kanisani, nikashindwa kuwatambua kwa harufu.

Padri alipomaliza sala, korali iliingia. Sare za buluu, safu mbili. Maestro alinipa ishara ya kichwa, kama mtu anayetimiza ahadi. Na kweli alikuwa anatimiza.

*Dada, ua letu zuri limenyauka.*

Waliimba vizuri. Sitasema uongo, waliimba vizuri mno, sauti nne, na wageni waliokuwa hawamjui dada walilia. Mimi nilimwangalia mama. Mikono yake ilikuwa mapajani na macho yake yalikuwa makavu. Alimwinamia shangazi aliyekuwa ametoka Kamanyola, na kwa kuwa mama hasikii vizuri sikio moja, alinong'ona kwa sauti iliyofika hadi kwangu:

"Si njo ile wimbo ya mzee wa misumari? Sasa juu ya nini banaimbia mutoto yangu wimbo ya ule mzee?"

"Nyamaza, ni zawadi," shangazi alisema.

"Zawadi iliyokwisha kuvaliwa na mwingine!"

Sijui kueleza kilichonipata. Kama mdomo ulikauka, sikuwa na nafasi ya kuuangalia. Korali ilikuwa haijakaa vizuri na kaka hajaanza kuita majina ya watoto wa nyumba, nikawa nimesimama katikati ya uwanja na daftari. Kaka akasema, "Bado, ngoja nikuite." Sikungoja. Nilianza kusoma.

Nasoma kama ninavyoandika, neno kwa neno, na kati ya neno na neno kuna nafasi ya mtu kukohoa. Nilisoma beseni jekundu na kiraka cha kijani. Nilisoma, *Weye, ule mukono yako iko na macho? Basi itazame, isiguse.* Mtu nyuma alicheka, akajizuia, kisha akashindwa. Mama wa katekisimu aliguna. Nilisoma siku ambayo bata wa jirani alikula nusu ya fungu letu, dada akamkimbiza hadi ndani ya ibada ya watu wengine, akatoka na bata chini ya kwapa na kipeperushi cha wokovu mkononi. Sasa walicheka wazi. Rafiki yake alipiga kelele kwamba ndiye: "Njo yeye! Njo yeye mwenyewe!" Nilisoma kwamba alimdanganya kila mtu umri wake isipokuwa mimi, na mimi alinidanganya mambo mengine. Nilisoma maji ya dirishani. Sikutaja duka, lakini upande wa kushoto watu kadhaa walishika vinywa. Nilisoma:

*Hukuogopa mwanamume, hukuogopa mvua, hukuogopa kukosa.*
*Uliogopa chura. Ulinituma mimi mbele, mdogo wako,*
*na nikimfukuza ulitoka ukasema umemfukuza wewe.*

"Hapana," mama alisema.

Aliisema kwa sauti yake ya nyumbani, kama ninapoweka chumvi nyingi. Nilikatiza kusoma. Watu wote wakamgeukia.

"Hapana. Haikuwa chura. Mutoto yangu hakuogopa chura. Alikuwa anaogopa konokono."

"Chura, mama yetu," rafiki wa dada alisema. "Pale mutoni alipanda juu ya mugongo yangu minye, na mimba yangu, ju ya chura."

"Konokono. Minye nilimuzaa."

"Chura, nakumbuka," kaka akasema, yeye aliyekuwa anaongoza sherehe. Shangazi wa Kamanyola akasema hakuogopa vyote viwili, aliogopa kinyonga, na alikuwa na ushahidi. Wajomba wakaingia. Chini ya hema lote watu walikuwa wanabishana juu ya dada yangu, wanamwonyesha kwa mikono alivyoruka, alivyopiga ukelele, na mama alikuwa amesimama, uso umelowa sasa, mashavu yote mawili, na anapiga kiganja kwa kiganja kwa hasira.

Maestro alikuja pembeni yangu na sahani mkononi. Alikuwa amecheka hadi jasho. "Mudogo," alisema, akinyooshea daftari langu kidole, "ile kitu iko na nguvu. Unipatie kaye, ninakili. Tutatosha kidogo ile ya bata, tutaondoa ile matusi..."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyabeba wiki tano. Bado ninayo, na kama ataimba tena lile ua lake mbele yangu atayapata yote. Lakini sikuwa na wakati naye. Nilifunga daftari nikaliweka kwapani, nikampita, nikaenda hadi alipokuwa mama yangu.

"Konokono," mama alisema, akininyooshea kidole.

"Chura," nilisema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani, mbele ya padri na korali na ukoo mzima, na sikuwa tayari kushindwa.